Vitamini za mama: tuliyojifunza baada ya miguu kufa ganzi

Mama yangu anahitaji vitamini ya kuongezewa, na huenda akaihitaji maisha yake yote. Mimi mwanawe, ninayekula naye chungu kimoja, siihitaji. Kulielewa hilo kulitugharimu muda, fedha na machozi, na naandika kwa ajili ya yeyote mwenye mzazi au mwenza ambaye meza yake ya kitandani imejaa chupa kama ilivyojaa ya mama. Mimi si daktari. Nitasimulia tuliyopitia na yale niliyojiridhisha nayo baadaye.

Ilianza na uchovu. Mama ana kisukari cha aina ya pili, na kwa miaka mingi amekuwa akimeza metformini kama alivyoandikiwa, bila kukosa. Sukari yake haikuwa mbaya. Lakini akaanza kuamka amechoka kama mtu aliyekesha. Akawa anaingia chumbani na kusahau alichofuata. Kisha ikaja miguu: kwanza nyayo zilimchomachoma usiku, baadaye akasema hazisikii vizuri. Siku moja nilimwona anatembea, kandambili moja imemvuka na kubaki nyuma hatua kadhaa, naye anaendelea na safari yake peku mguu mmoja bila habari. Nilipomwita akatazama chini, akashtuka. Mimi nilishtuka zaidi.

Kila aliyesikia alisema ni kisukari. Tuliamini, kwa sababu ni kweli kisukari huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, na wanaopatwa na hali hiyo ni wengi. Kliniki aliyokuwa akihudhuria nayo ilisema hivyo hivyo, sukari na umri, akaambiwa achunge chakula na avae viatu vilivyofunika vidole. Jibu lilikuwa linaingia akilini kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kutafuta jingine.

Hapo ndipo vitamini zilipoanza kumiminika. Shangazi alileta chupa ya kuimarisha neva. Jirani akaleta ya nywele na kucha, maana nywele za mama zilikuwa zinakatika. Binamu akaja na multivitamini, akifuatiwa na mtu mwenye asidi ya foliki ya kuongeza damu. Nami nikanunua ile ya kinga ya mwili yenye vitamini E na betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nikijua namfanyia mzazi wangu jambo jema. Hakuna hata mmoja wetu aliyefanya kwa nia mbaya. Ilikuwa ni mapenzi, na ndiyo maana kuzisimamisha baadaye kulikuwa kugumu mno. Mama alihisi kwamba kuacha chupa ya mtu ni kumdharau aliyeileta.

Gharama yake sikuiona mapema. Nilijua tunatumia fedha nyingi kila chupa inapoisha, lakini sikujua mama anazipata wapi za zile anazojinunulia. Alikuwa anabana vibanzi vya kupimia sukari. Zamani alikuwa akipima kila asubuhi. Akaanza kuruka siku, kisha wiki. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, "Mwanangu, sukari yangu naisikia mwilini. Hizi vitamini zikikatika ndipo nitaanguka." Sentensi hiyo ilinikosesha usingizi. Kipimo kilichokuwa kinamlinda kwelikweli kilikuwa kimeanza kuachwa kwa ajili ya vidonge ambavyo hakuna daktari aliyemwandikia.

Na matumaini nayo yana uchovu wake. Kila chupa mpya ilikuja na siku chache za nafuu. Mama angeamka mchangamfu, angeniambia "hii imenipata," nasi nyumba nzima tungefurahi. Halafu ganzi ingerudi, au ingekuwa haikuondoka kabisa, na angeanza kujilaumu kwamba labda hamezi kwa wakati.

Tulipobahatika kumpata daktari mwingine, swali lake la kwanza halikuhusu sukari. Alimwambia, "Mama, ukija tena niletee kila kitu unachomeza. Hata kile unachoona si dawa." Nukta hiyo ya mwisho ilitugusa penyewe, kwa sababu mama hakuwahi kuzitaja vitamini kwa mhudumu yeyote. Akiulizwa anatumia dawa gani, alikuwa akijibu metformini na kunyamaza. Kwake vitamini zilikuwa chakula.

Tukaenda na mfuko. Daktari alizipanga chupa mezani, akageuza kila moja upande wenye maandishi madogo, akachukua karatasi na kuchora safu. Juu aliandika majina ya vitamini, pembeni akaandika chupa moja moja. Kisha akaanza kujaza: hii ina B6 kiasi gani, na hii, na hii. Chupa ya neva peke yake ilikuwa na miligramu 100 kwa kidonge. Ya nywele ilikuwa nayo. Multivitamini ilikuwa nayo pia. Akajumlisha, akazungushia duara, akamgeuzia mama karatasi aone mwenyewe.

Mtu mzima anahitaji B6 kati ya miligramu 1.3 na 1.7 hivi kwa siku. Marekani imeweka kikomo cha miligramu 100 kwa siku kwa mtu mzima, na mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikishusha cha kwake hadi miligramu 12. Sababu ya vikomo hivyo ni kwamba B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na dalili zake ni ganzi na kuchomachoma miguuni na mikononi. Chupa tuliyoletewa kutibu ganzi ilikuwa na uwezo wa kuleta ganzi. Mama aliitazama ile karatasi muda mrefu, asiseme neno.

Kisha daktari akamuuliza ametumia metformini kwa miaka mingapi, akaandika B12 pembeni na kuweka alama ya kuuliza. Metformini ni dawa nzuri, alisisitiza hilo zaidi ya mara moja, lakini kwa baadhi ya watu wanaoitumia kwa miaka hupunguza uwezo wa sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo kufyonza vitamini B12. Madhara hayaji haraka, kwa sababu ini huhifadhi akiba ya B12 inayoweza kutosha miaka kadhaa. Akiba inapokwisha, hakuna anayekumbuka kuihusisha na kidonge kilichoanza kumezwa zamani. Upungufu wa B12 huleta uchovu, usahaulifu, ganzi ya miguu, kuyumba wakati wa kutembea. Orodha ile ilikuwa ni mama mtupu.

Niliuliza mbona basi damu yake haikuwa pungufu sana, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba kukosa B12 ni kukosa damu. Akaigusa ile chupa ya asidi ya foliki. Asidi ya foliki kwa kiwango kikubwa inaweza kurekebisha damu ya mtu aliyepungukiwa B12, lakini haizuii mishipa ya fahamu kuendelea kuharibika. Kipimo cha damu kinaonekana kizuri, mgonjwa anaambiwa yuko salama, na miguu inaendelea kufa. Katika yote niliyojifunza, hili ndilo ninalolirudia kwa kila mtu, maana asidi ya foliki ni rahisi kupatikana na karibu kila mtu huiona haina madhara.

Bado hakumtoa damu siku hiyo. Alimwambia aache kwanza vidonge vya nywele kwa siku kadhaa. Vidonge vya aina hiyo mara nyingi vina biotini, yaani vitamini B7, ya mikrogramu 5,000 au 10,000, ilhali kiasi kinachotosha mtu mzima ni mikrogramu 30. Biotini nyingi hivyo ikiwa kwenye damu huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara: majibu huweza kutoka juu au chini kuliko ukweli. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya jambo hili mwaka 2017, hasa kwa ajili ya kipimo cha troponini kinachotumika kutambua shambulio la moyo. Vipimo vya homoni za thairoidi na vya B12 yenyewe navyo vinaweza kuguswa. Kama unameza vidonge vya nywele, mwambie anayekutoa damu kabla sindano haijaingia.

Majibu yalikuja. B12 ya mama ilikuwa chini sana.

Matibabu yalianza kwa sindano, baadaye akahamishiwa vidonge vya mikrogramu 1,000. Mimi niliyekwisha kuingiwa na hofu ya viwango vikubwa niliuliza kwa nini apewe 1,000 wakati mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Jibu lilinituliza. Kwa kawaida B12 hufyonzwa kwa msaada wa protini maalumu inayotengenezwa na tumbo. Njia hiyo ikiwa na hitilafu, takriban asilimia 1 tu ya kidonge kikubwa hupenya yenyewe kwenye utumbo, na asilimia 1 ya 1,000 ni mikrogramu 10, zaidi ya mahitaji ya siku. Ndiyo maana ile B12 kidogo iliyokuwa ndani ya multivitamini haikumfaa kitu. Na B12 hadi leo haijawekewa kikomo cha juu, kwa kuwa madhara ya kuizidisha hayajaonekana kama yale ya B6.

Siku za mwanzo mama aliogopa sindano, nikawa namsomea habari za zamani ili apate moyo. Kuna aina ya upungufu wa B12 ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa hukumu ya kifo. Mwaka 1926, George Minot na William Murphy huko Boston walionyesha kwamba wagonjwa waliolishwa ini kwa wingi kila siku walipata nafuu, na mwaka 1934 wakapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na George Whipple. Vitamini yenyewe ilitenganishwa kutoka kwenye ini mwaka 1948 tu. Mama alipenda sana habari hiyo. Alisema afadhali sindano kuliko ini kila siku.

Nafuu ilikuja kwa mpangilio ambao tungeutaka uwe mwingine. Uchovu ulipungua kwanza, kisha akili ikachangamka, akaacha kusahau. Miguu ilichelewa. Kuchomachoma kumepungua, lakini vidole vya mguu mmoja bado havisikii sawasawa, na daktari alituambia wazi kwamba mishipa iliyoharibika kwa muda mrefu huenda isirudi yote. Hatuwezi kujua ganzi iliyobaki ni ya kisukari, ya B12 au ya ile B6. Naumia kila ninapofikiria miezi iliyopotea tukiwa tunabadilisha chupa.

Baada ya hapo zikabaki zile chupa, nyingine hazijafunguliwa. Watu wakazitaka, na hapo nikajifunza mengine.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anajiandaa kubeba mimba na akaomba arithi multivitamini na asidi ya foliki. Nikamwomba asubiri amuulize daktari, naye aliporudi alikuwa na jibu la sehemu mbili. Asidi ya foliki anaihitaji kweli: mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia kabla ya mimba, kwa sababu mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Uingereza na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kwa wanawake waliowahi kupata mimba yenye kasoro hiyo, asidi ya foliki ilizuia takriban kasoro 7 katika kila 10 ambazo zingerudi. Ile multivitamini, hata hivyo, alikatazwa. Ilikuwa na vitamini A ya aina ya retinoli kwa wingi, na retinoli ikizidi inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. Mwili ule ule, wiki ile ile, chupa moja ya lazima na nyingine ya hatari.

Mjomba alitaka ile ya kinga niliyonunua mimi. Mjomba anavuta sigara tangu ujana wake, akawa na imani kwamba betakarotini itamsafisha mapafu. Hiyo ilikuwa imani ya wanasayansi pia wakati fulani, na waliijaribu. Nchini Finland wanaume wavutaji wa sigara 29,133 waligawanywa: wengine wakapewa betakarotini au vitamini E, wengine kidonge kisicho na kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994, na waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Utafiti mwingine wa Marekani ulisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa kuwa ulikuwa unaelekea huko huko. Vitamini E nayo, kwenye utafiti wa zaidi ya wanaume 35,000 uliotoa matokeo mwaka 2011, iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Nilimweleza mjomba kwa heshima yote, akakasirika, akasema nimemnyima. Nilikubali anione mchoyo. Chupa ile sikumpa mtu.

Na mimi je? Nilimuuliza daktari kama nami nianze kumeza kitu, japo kidogo, kujihami. Aliuliza maswali machache: nakula vyakula vinavyotoka kwa wanyama au la, nina ugonjwa wa tumbo au nimewahi kupasuliwa tumbo, natumia dawa za kupunguza asidi kwa muda mrefu, napata jua. Akaniambia sina sababu. Nilitaka kubisha, nikaenda kusoma. Watu 25,871 nchini Marekani walifuatiliwa kwa takriban miaka 5, nusu yao wakimeza vitamini D ya IU 2,000 (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini) kila siku, na haikupunguza idadi ya waliopata saratani wala mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wanaoishauri Marekani kuhusu kinga lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza multivitamini kwa mtu mzima mwenye afya ili azuie magonjwa hayo, na likashauri wazi dhidi ya betakarotini na vitamini E. Nimeridhika. Fedha hiyo sasa hununua vibanzi vya mama.

Sisemi vitamini ni utapeli. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji B12 ya kuongezewa, hilo halina mjadala. Mtoto mchanga hupewa vitamini K anapozaliwa ili asivuje damu, na anayenyonya maziwa ya mama peke yake hushauriwa vitamini D ya IU 400 kwa siku. Wazee ambao tumbo limepunguza asidi, waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, wasiopata jua kabisa, wote wana sababu zinazoeleweka. Katika kila mmoja wao unaweza kutaja kitu kilichopungua na kwa nini kimepungua. Kwa chupa za mama, ukiondoa asidi ya foliki iliyodhaniwa ni ya damu, hakuna aliyeweza kutaja.

Tunavyofanya sasa nyumbani ni hivi. Kila kinachomezwa kimepigwa picha upande wa maandishi, na picha ziko kwenye simu yangu na ya mdogo wangu. Mama akifika kwa mhudumu yeyote, zinaonyeshwa. Tunajumlisha vitamini ile ile kutoka kila chupa kabla ya kuongeza nyingine, na tunaangalia kipimo: miligramu 1 ni mikrogramu 1,000, na kwenye chupa huandikwa mg na mcg, wengi hawaoni herufi hiyo moja inayozitofautisha. Madini chuma tumeyafungia juu kabisa kwa sababu ya wajukuu, maana vidonge hivyo vinaweza kumuua mtoto mdogo akivimeza vingi. Anayetumia dawa ya thairoidi hapa nyumbani huacha saa 4 kati yake na madini chuma au kalisi, la sivyo dawa haiingii vizuri. Na kwa yeyote anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, vitamini K isianzwe wala kuachwa kimyakimya.

Kwa mwenye metformini, omba B12 ipimwe, hasa ukiwa umeitumia kwa miaka au ukiwa na ganzi. Usiiache metformini kwa sababu ya niliyoandika. Mama anaendelea nayo hadi leo. Omba kipimo kabla hujaanza kumeza B12 kwa kubahatisha, kwa sababu ukishaimeza kiwango hupanda na chanzo cha ganzi hakijulikani tena. Jibu likitoka katikati, si chini wala si salama, muulize daktari kuhusu kipimo cha asidi ya methilimaloniki. Asidi hiyo hupanda seli zinapokosa B12, hivyo huweza kuonyesha upungufu hata pale B12 ya kwenye damu inapoonekana ya kuridhisha, ingawa kwa mwenye figo dhaifu hupanda pia kwa sababu nyingine, kwa hiyo mtajie na hali ya figo zako.